Nilivyoizima Mashine ya Sista

Mimi ndiye niliyeiharibu. Naanza na hilo kwa sababu kila ninayemsimulia habari hii hunikatiza kabla sijafika mwisho, akaniambia si kosa langu, kompyuta ndivyo zilivyo. Nimechoka kukatizwa.

Miaka hiyo nilikuwa nikifundisha kompyuta Amu, katika chumba cha juu cha nyumba ya mawe mtaani Langoni. Wanafunzi wangu wengi walikuwa wasichana waliomaliza shule wakakosa la kufanya. Mchana nikiwafundisha kuandika barua na kupanga hesabu, na saa zilizobaki nikitengeneza kompyuta za watu. Wenzangu waliojua Windows walikuwepo. Aliyejua Linux, mfumo mwingine wa kuendeshea kompyuta, nilikuwa peke yangu, au ndivyo nilivyojiona, na nikiitwa huku na huku. Nilipenda kuitwa. Nikisema sikupenda nitakuwa mwongo.

Aliyeniita mara nyingi kuliko wote alikuwa muuguzi wa zahanati moja ndogo katika kisiwa cha Pate, mwendo wa nusu saa kwa miguu kutoka Mbwajumali. Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na kitu, mzaliwa wa huko huko, mwenye sauti ya kukata na mikono mifupi iliyonona. Watu wote walimwita Sista, nami nikamwita hivyo hivyo. Yeye aliniita Mwalimu. Zahanati nzima ilikuwa juu yake. Alichoma sindano, alizalisha, alifagia, na mwisho wa mwezi aliketi akaandika ripoti.

Shirika moja la nje lilikuwa limempa kifaa cha kumtazamia mtoto tumboni. Haikuwa mashine kubwa kama ile ya hospitalini. Ilikuwa kitu cha kushika mkononi, ukubwa wa kipande cha sabuni, chenye waya unaochomekwa kwenye kompyuta. Mama hupakwa jeli tumboni, kifaa kinapitishwa juu yake, na picha inatokea kwenye skrini. Kompyuta yenyewe ililetwa pamoja nacho, ikiwa na Linux, na programu ya picha imeshawekwa ndani. Kilichofanya mimi nipelekwe huko mara ya kwanza ni betri tu.

Siku hiyo ya betri, nilipomaliza, Sista alikuwa na mama wa kumpima. Mimi mwanamume, nikatoka nikaketi barazani. Kupitia dirishani nilimsikia yule mama akiuliza, "Huyo ndiye?" Sista akamwambia, "Ndiye. Umeona anavyokupa mgongo?" Wakacheka wote wawili, kicheko kirefu. Nilikaa pale barazani nikajiona nami nimefanya jambo, ijapokuwa nilibadilisha betri tu.

Baadaye ripoti za kila mwezi zikahamia kwenye tovuti mpya. Kivinjari cha ile kompyuta kilikuwa cha zamani, kikawa hakiwezi kuifungua. Sista akanipigia simu. "Mwalimu, wanasema ripoti yangu haijafika. Mimi naandika, lakini ukurasa unakuya mweupe."

Nilimwambia jambo hilo ni dogo. Kompyuta ikaletwa Amu kwa boti, imefungwa ndani ya kanga mbili, na kile kifaa cha picha kikabaki zahanatini. Nilitazama nikaona mfumo wote ni wa miaka mingi nyuma, nikaona hakuna haja ya kushona kiraka. Nitaupandisha mfumo mzima, kila kitu kiwe kipya. Nikaunganisha mtandao, nikaanza. Katikati ya kazi kompyuta iliniorodheshea vifurushi vya programu ambavyo ingeviondoa, orodha ndefu ya majina, ikaniuliza kama nakubali. Sikuisoma. Nilibonyeza ndiyo, nikaenda kuswali adhuhuri.

Nilipomaliza, tovuti ya ripoti ilifunguka vizuri. Kivinjari kilikwenda mbio, maandishi yakawa safi. Programu ya picha sikuifungua hata mara moja. Nilijiambia kwamba bila kile kifaa hakuna cha kuona. Nikaifunga kompyuta ndani ya kanga zake nikairudisha.

Baada ya siku mbili Sista alipiga tena. "Mwalimu, ripoti imekwenda, Mungu akulipe. Lakini ile ya watoto haifunguki. Naibonyeza, inanitizama tu."

Nilivuka siku ya pili yake. Nilishuka botini Mtangawanda, nikachukua pikipiki, nikafika kabla ya saa tano. Sista alikuwa ameniwekea meza karibu na ukuta wa magharibi, kwa sababu ni hapo tu mtandao ulipokuwa ukishika. Nikafungua lile dirisha jeusi la kuandikia amri, nikaiita programu kwa jina lake. Ikanijibu kwamba imeshindwa kufungua maktaba fulani, kwamba faili hiyo haipo.

Sista alitaka kujua maktaba ni nini, nami nikamweleza kama ninavyoeleza hapa. Katika Linux programu hazijitoshelezi. Programu ya kuonyesha picha haibebi yenyewe ujuzi wote wa kusoma picha. Inauazima kwa faili nyingine iliyomo ndani ya mfumo, na faili hiyo huitwa maktaba, kwa sababu programu nyingi huazima hapo hapo. Na maktaba ina matoleo. Programu yake ilikuwa ikiulizia toleo la kumi na mbili. Mimi, nilipoupandisha mfumo, niliondoa la kumi na mbili nikaweka la kumi na sita.

"Sasa la kumi na sita si kubwa zaidi?" akauliza.

"Ni kubwa, lakini programu haiulizii hilo."

"Basi lirudishe lile dogo."

"Ndilo ninalotaka kufanya."

Nilijaribu kwanza ujanja. Nilitengeneza jina la uongo, ili programu ikiita la kumi na mbili ielekezwe kwenye la kumi na sita. Ikakataa, ikisema faili hiyo ni ya aina nyingine. Programu ilikuwa ya kompyuta za zamani, za biti thelathini na mbili, na mfumo ule mpya ulikuwa umeacha kuzibeba maktaba za aina hiyo. Nikaanza kuzishusha za aina ile moja moja. Kila niliyoishusha iliita nyingine, na hiyo ikaita mbili. Mtandao ulikuwa wa kuomba. Faili ndogo ilichukua dakika kumi, ikifika nusu inakatika. Kufika alasiri nilikuwa nimepata maktaba tisa, na ya kumi, ile inayochora madirisha na vitufe, ikagoma kabisa. Ikasema nikitaka kuiweka niondoe kwanza uso mzima wa kompyuta, yaani kila kinachoonekana kwenye skrini.

Ni katika hali hiyo walipokuja wanawake wawili, mmoja mjamzito wa miezi saba na kitu, na mwingine mama mkwe wake. Nikaiacha kompyuta, nikatoka barazani. Mume wa yule mjamzito alikuwa Kiunga, baharini na wenzake.

Sista alimpima kwa mikono, kwa muda mrefu. Kisha akatoka naye mama mkwe, wakasimama karibu nami, na mazungumzo yao nikayasikia yote.

"Ametoka damu mara ngapi?" Sista aliuliza.

"Mara moya tu, kidogo. Wala haumwi."

"Hilo la kutoumwa ndilo silipendi. Na mtoto yuko yuu sana, hashuki. Ni kama kuna kitu kimekaa kwenye ndia yake. Nataka apigwe picha. Mpelekeni Amu kesho."

Mama mkwe akatazama chini. "Mumewe hayupo. Akirudi wiki hii, inshallah, atampeleka mwenyewe. Si hapa kuna mashine?"

Sista akanigeukia. "Mwalimu, hii itakuwa tayari lini?"

Nilikuwa na maktaba tisa kati ya nisizojua ngapi. Nilikuwa nimeketi saa nne nzima mbele ya watu wanaoniita Mwalimu. Nikasema, "Siku tatu."

"Una yakini?"

"Siku tatu, Sista. Nitakwenda nayo Amu kwenye mtandao mzuri."

"Basi tutangoja ya hapa," mama mkwe akasema, na uso wake ukafunguka. Sista alisita kidogo. Kisha akamwambia binti apumzike kitandani, asibebe maji, na tone moja la damu likionekana aletwe mbio. Yule binti alikuwa amesimama mlangoni akifunga leso yake. Aliniambia ahsante.

Kabla sijaondoka nilifanya kosa lingine. Nililazimisha. Niliiamuru kompyuta iiweke ile maktaba ya kumi ipende isipende, na ikaiweka, ikaburura nayo toleo la zamani la ile maktaba mama ambayo programu zote zinaitegemea. Nilipoizima na kuiwasha, hakikutokea kitu ila kistari kikipepesa kwenye weusi.

Sista alisimama nyuma yangu. "Na ripoti je?"

"Na ripoti pia," nikasema.

Amu nilijipa mpango ulioonekana wa akili. Badala ya kuhangaika na maktaba moja moja, nitafuta kila kitu, nirudishe mfumo ule ule wa zamani, na maktaba zote za zamani zitarudi pamoja. Niliitafuta nakala ya mfumo huo, nikaipata kwenye hifadhi moja ya mbali, nikaishusha siku nzima. Niliifungua diski yake kwa kompyuta nyingine, nikanakili kazi za Sista kwenye flashi: ripoti zake, picha za watoto, na ile folda yenye kisakinishi cha programu. Nikahakikisha mara mbili. Kisha nikaifuta diski.

Ilikwenda vizuri mno. Asubuhi ya siku ya tatu mfumo wa zamani ulikuwa umesimama, programu nimeiweka, na nikiuliza maktaba zake zote zinaitika, hakuna hata moja iliyokosekana. Nikaibonyeza. Ikafunguka. Niliona lile dirisha la kijivu na vitufe vyake, nikapiga meza kwa kiganja hadi wanafunzi wakageuka.

Kisha kikatokea kisanduku kidogo kikiniomba nambari ya ruhusa.

Nambari hiyo iliwekwa siku ya kwanza na waliounda programu, kupitia mtandao, na ikahifadhiwa katika faili iliyofichwa ndani ya mfumo, wala si ndani ya folda za Sista. Nilikuwa nimeifuta pamoja na kila kitu. Nilibonyeza kitufe cha kuomba nyingine. Ikatafuta seva ya waundaji, ikatafuta, ikasema haioni kitu. Anwani ya tovuti yao ilikuwa imechukuliwa na watu wanaouza viatu. Barua pepe niliyotuma ilirudi papo hapo. Nilipiga simu kwa lile shirika lililotoa msaada, mtu mpole akaniambia mradi ulikwisha na waliouendesha wametawanyika, lakini ataulizia. Naamini aliulizia.

Siku hiyo hiyo Sista alipiga. "Mwalimu, leo ni ya tatu."

"Bado kidogo," nikamwambia. "Imefunguka. Kuna kitu kimoja tu."

Hayo hayakuwa uongo, na ndiyo maneno ninayoyajutia kuliko yote niliyoyasema. Kama ningemwambia, "Sista, imekufa, mpeleke msichana Amu leo," angempeleka. Angemshika mkono mwenyewe hadi botini. Lakini mimi nilikuwa nimeiona ile programu ikifunguka kwa macho yangu, na mtu aliyefika hapo haamini kwamba hapo ndipo mwisho.

Siku ya nne na ya tano nilizitumia kuifukua diski. Faili ikifutwa haitoweki mara moja, vipande vyake hubaki mpaka viandikwe juu. Mimi nilikuwa nimeandika juu yake mfumo mzima. Nilipata nusu za picha, barua za watu nisiowajua, kurasa za msaada za programu katika lugha sita. Nambari sikuipata. Niliandika kwenye jukwaa la mafundi mtandaoni, nikaeleza yote kwa utaratibu. Mmoja alinijibu akiuliza kwa nini bado tunatumia programu iliyokufa zamani. Hakuna mwingine aliyejibu.

Siku ya sita, saa nne asubuhi, nilikuwa darasani. Sista hakusalimu. "Yule binti anatoka damu nyingi. Tumempakia. Lakini mai ni makavu, bahari imekupwa, boti imebidi isukumwe. Nenda gatini, waambie hospitali waje na machela, usiwapigie simu, nenda."

Nilikwenda mbio hadi hospitali, nikarudi na wauguzi wawili na machela. Tulingoja. Boti ilipofika, Sista alikuwa ameketi sakafuni mwake na kichwa cha yule binti mapajani. Buibui la Sista lilikuwa limelowa, na sikutaka kujua ni maji au ni damu. Mama mkwe aliteremka kwanza. Aliponiona alisema tu, "Shika huku," akaniachia pembe ya leso iliyokuwa imemfunika binti. Tukambeba kwa machela. Uso wake ulikuwa na rangi ya majivu, lakini macho yake yalikuwa wazi, yakitazama kila tunapokanyaga.

Walimpasua. Kondo la nyuma lilikuwa limekaa mbele ya mtoto, limeziba njia yote, kama mikono ya Sista ilivyohisi. Binti alipona. Mtoto alikuwa wa kiume, na alitolewa akiwa ameshakufa. Mume alifika siku ya pili yake kutoka Kiunga, akakuta kaburi dogo limeshafukiwa.

Wiki tatu baadaye niliirudisha kompyuta Pate. Niliirudisha na mfumo mpya, kwa kuwa mfumo wa zamani haukuweza kufungua tovuti ya ripoti, na ripoti ndiyo kazi pekee iliyobaki kwake. Kile kifaa cha picha Sista alikuwa amekisafisha, akakiviringisha waya, akakitia katika droo ya chini pamoja na taa mbovu.

Nilimweleza kila kitu. Orodha ambayo sikuisoma, faili niliyoifuta, siku tatu nilizozitoa kichwani. Alinisikiliza akiwa anakunja vitambaa. Nilitarajia anikatize kama wengine.

"Nimezalisha miaka zaidi ya ishirini bila mashine," alisema nilipomaliza. "Zamani ningemgusa vile, asingelala kijijini hata siku moya. Ningegombana na mama mkwe, ningegombana na mume. Lakini safari hii nilikuwa na mashine. Nikasema, nitaona kwa mato kwanza, nisiwasumbue watu bure. Nikakungoja wewe."

Nilimsogezea vitambaa vilivyobaki.

"Sikulaumu peke yako," akasema. "Lakini usiniambie nisikulaumu."

Aliendelea kukunja vitambaa, nami nikaketi mpaka pikipiki ikaja.

Sikuiacha kazi hiyo kwa urahisi. Kwa karibu mwaka mzima, kila nilipopata nafasi baada ya alasiri, nilirudi kwenye nakala ya programu niliyobaki nayo. Nilijaribu kuivunja kufuli yake, na sikuwa na ujuzi huo. Nilimwomba Sista kile kifaa, nikajaribu programu nyingine za bure zinazoweza kusoma vifaa vya namna hiyo, nazo hazikukitambua, kwani kifaa kilizungumza lugha yake na waundaji wake tu. Niliandika kwa watu wa nchi za mbali. Wawili walijibu kwa huruma. Mke wangu aliniuliza siku moja kama nikifaulu nitapata nini, nami nikarudi kwenye kompyuta, kwa sababu jibu nililokuwa nalo lilikuwa la kitoto. Siku nyingine nikaona nimepitisha wiki mbili bila kuifungua. Nikajua nimeacha.

Mwaka jana nilimpeleka mamangu hospitali kwa presha. Kwenye benchi la kungojea, upande wa wanawake, niliketi karibu na mama mmoja mwenye tumbo kubwa. Alinisalimu yeye kwanza. "Mwalimu, hunijui?" Nilimjua aliposema hivyo, ndiye yule binti wa Pate. Amekuja kupigwa picha, akasema, boti ya alfajiri, na mama mkwe wake amekwenda kumnunulia kitu cha kula. Miadi yake ilikuwa wiki mbili nyuma, bahari ikachafuka, leo ndiyo wamefika.

Nikamwambia. Nilimwambia kwa ufupi, kwa sauti ya chini, mamangu akiwa upande wangu wa pili. Kwamba mashine ya kule niliizima mimi, na kwamba zile siku tatu sikuwa nazo.

Aliizungushazungusha kadi ya kliniki mkononi. Nilidhani atainuka ahame.

"Itafanya kazi tena lini?" akaniuliza.

"Haitafanya."

Akatikisa kichwa polepole, kama mtu anayeambiwa bei. Kule kijijini, akasema, wako wengine wawili wenye mimba, na mmoja wao mapacha, Sista anavyodhani, na haendi Amu kwa sababu anaogopa boti. Nilimuuliza huyo wa mapacha anakaa nyumba gani. Aliniambia. Kisha wakaita jina lake, akainuka kwa shida, akashika ukuta, akaingia.

Nilivuka kwenda kwa yule mwenye mapacha wiki iliyofuata, nikazungumza na mumewe nusu ya mchana. Alinisikiliza kwa adabu. Alisema wakipata siku bahari imetulia watakwenda. Sijui kama walikwenda.